Marehemu Aidan Kumburu, Aliyemchagulia Kila Mtu Bao Lake

Baba Padri, wazee wa kanisa, ndugu zetu mlioshuka kutoka Mapera na Mbinga, na ninyi wenyeji: huyu tunayemsindikiza leo, Ijumaa tarehe 23 Mei 2025, hapa Liuli, ni Aidan Erasmo Kumburu, fundi seremala, mchonga mabao na mchagua mabao. Wasifu wake umeandikwa na unasomwa na mdogo wake wa tumbo moja, Cuthbert. Desturi inataka wasifu usiwe na "mimi" ndani yake, basi humu Cuthbert ataitwa Cuthbert kama mtu mwingine yeyote, na atasemwa pale anapostahili kusemwa. Tafadhali msimtazame sana.

Jambo moja liwekwe wazi mapema, asiwepo wa kunong'ona huko nyuma. Marehemu alikuwa na kipaji cha kumwangalia mtu kidogo tu na kujua mchezo upi unamfaa. Mzee, mtoto, mjuzi, asiyejua kushoto wala kulia, wote aliwapatia. Watu walitoka mpaka Chiwanda kumfuata. Lakini ndugu yake mwenyewe alimpa kibao cha safu mbili, kile cha mashimo kumi na mawili cha kufundishia watoto wadogo, na hakumpa kingine kuanzia mwaka 1981 mpaka mwaka huu. Kwa nini? Alimwona mjinga? Swali hilo Cuthbert amelala nalo na kuamka nalo miaka yote. Edina, binti mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye aliyechapa ratiba mliyoishika, alisoma mpaka hapa akauliza, "Baba mdogo, huu ni wasifu au ni maelezo ya polisi?" Ni wasifu. Ila aliyeuandika alikagua mizigo ya abiria wa meli kwa miaka ishirini na saba, na mtu wa kazi ile haamini kikapu mpaka akiinue aone chini yake.

Marehemu alizaliwa hapa Liuli, Jumapili tarehe 11 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa Mzee Erasmo Kumburu, mvuvi, na Mama Winifrida. Hivyo ndivyo cheti cha ubatizo kinavyosema. Mama Winifrida, Mungu amrehemu, alisema hadi kufa kwake kwamba ilikuwa Jumatatu alfajiri, kwa sababu Jumapili yenyewe alikuwa kanisani na tumbo lake, akasimama nyimbo zote. Nani wa kuaminiwa, karatasi au mwenye tumbo? Cuthbert alimwuliza marehemu jambo hili mara nyingi, naye alicheka tu akasema tarehe yake imerudishwa shimo moja nyuma, haidhuru, mchezo ni uleule. Familia imekubaliana kuandika Jumapili.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Liuli kuanzia mwaka 1964 hadi 1970. Wanaokumbuka wanasema hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila nyuma ya darasa lao kulikuwa na mashimo thelathini na mawili yaliyochimbwa kwa kisigino, safu nne, na kokoto sitini na nne za kuchezea bao. Mwalimu Raimundi aliyagundua. Badala ya kuchapa mtu, alivua saa akachuchumaa acheze. Alifungwa. Akaomba jingine, akafungwa tena. Hapo Aidan, mtoto wa darasa la tano, akamwambia kwa heshima zote, "Shikamoo Mwalimu. Hili usicheze na mimi. Cheza na Stefano, mtalingana, utafurahi." Fimbo ilitafutwa mara moja. Marehemu alikuwa akisimulia kisa hiki huku akijishika mapaja, na akiongeza kwamba mwalimu na Stefano walicheza pamoja hadi mwisho wa mwaka, na kweli walilingana.

Mwaka 1971 hadi 1973 alijifunza useremala kwa fundi mzee wa misheni, na mwaka 1974 akapanda Mbinga kutafuta kazi. Alitengeneza milango, vitanda, madawati na majeneza. Mwaka 1979 alifungua karakana yake mwenyewe Mapera, mkabala na kituo cha kukoboa kahawa. Mnaojua msimu wa kahawa mnajua foleni yake: mtu anafika na magunia asubuhi, anapokelewa jioni, na katikati hapo ni kukaa na kunung'unika. Aidan aliweka benchi mbili nje ya karakana na mabao juu yake. Wengine waliona ni ukarimu. Cuthbert aliona ni mtego wa kuuzia vitanda, na akasema hivyo, na hajawahi kufuta kauli.

Lakini kabla ya hapo kuna jambo la mwaka 1977, na haliwezi kurukwa. Julai mwaka ule marehemu alikuja likizo Liuli na bao kubwa la mninga alilolichonga mwenyewe, la kwanza zuri katika maisha yake. Akaliweka pale mitumbwi inapopaki, watu wamejaa wakisubiri usipa, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Cuthbert alikuwa na kumi na saba, na katika vijana wa Liuli hakuna aliyekuwa akimfunga. Aidan akamwita mbele ya watu, "Mdogo wangu, njoo tuone." Akamfunga mara tatu mfululizo. Watu wakapiga makofi, na bibi mmoja mwenye sauti ya kuvunja vyungu akasema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani!" Cuthbert alikuwa na hakika, na amebaki na hakika nusu karne, kwamba kulikuwa na kete moja imefichwa kwenye kiganja cha kaka yake. Akalipindua bao, kete zikaingia majini, na wiki hiyohiyo akaondoka kwenda Chiwanda kwa mjomba, kuvua. Hakuandika barua wala hakutuma salamu kwa miaka minne. Hiyo ndiyo habari kama Cuthbert alivyoisimulia siku zote, na siku zote aliishia kwenye ile kete.

Tuje kwenye ndoa. Mapera marehemu alimwona Hildegardi, binti wa Mzee Bernadi Kapinga, Mmatengo, Mkatoliki, mkulima wa kahawa na mahindi. Mzee Bernadi hakumtaka. "Mtu wa ziwani," alisema, "kesho akisikia harufu ya samaki anaingia mtumbwini, ananiachia binti na shamba." Aidan hakubishana. Alitazama mlima wa mzee, uliochimbwa ngoro kutoka juu hadi bondeni, shimo kwa shimo kwa mistari kama wanavyolima Wamatengo, akasema, "Baba, hapa kwenu mmelima bao." Mzee akacheka bila kutaka. Kisha akampa jembe. Msimu mzima Aidan alichimba ngoro, mtu ambaye kwao jembe ni la mihogo ya mchangani tu, na jioni alimpa mzee mchezo wa chui na mbuzi, aliojifunza kwa fundi yule wa misheni. Mmoja anakuwa chui peke yake, mwenzake ana mbuzi kumi na wawili wa kumzingira. Mzee alipewa chui. Baadaye sana Cuthbert aliuliza kwa nini, marehemu akajibu, "Mtu anayemshuku kila mtu, mpe chui. Atakimbizana na mbuzi mpaka achoke kushuku." Mnaona namna alivyokuwa? Mtu unakaa ukweni kumbe unatibiwa.

Ndoa ilifungwa Jumamosi tarehe 26 Septemba 1981 katika kanisa la Parokia ya Mapera, kwa kibali, kila mmoja akibaki na kanisa lake, yeye Anglikana, mkewe Katoliki. Cuthbert alitokea. Hakualikwa, maana hakuna aliyejua alipo. Alisikia kwa wavuvi kwamba kaka yake anaoa Mkatoliki wa milimani, akashuku kuna jambo, akapanda kuja kuona. Wakati wa karamu alisimama mlangoni na mfuko wake wa usipa wakavu. Aidan alimwona, akainuka na suti yake mpya, na kitu alichokifanya ni kuingia karakana na kutoka na kile kibao cha safu mbili. Akakiweka juu ya meza ya harusi katikati ya sahani za wali. "Mdogo wangu," alisema, "karibu. Tucheze kidogo."

Wakacheza. Cuthbert alifunga moja, akafungwa moja, ikaja sare. Watu wakacheka kuona bwana harusi anacheza bao la watoto. Cuthbert alidhani ni mzaha wa siku hiyo tu.

Haukuwa mzaha. Tangu hapo Cuthbert alizoea kupanda Mapera kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na usipa wake, na kurudi na maharage na unga. Hata alipoajiriwa bandarini aliipanga likizo na zamu zake kwa ajili hiyo. Na kila alipofika, kibao kilekile. Aliliona bao kubwa la mninga limetundikwa ukutani. Akisema, "Kaka, leo tushushe lile," marehemu hujibu, "Lile lina vumbi." Mwaka 1990 lina vumbi. Mwaka 2010 lina vumbi. Bao linafutwa kila wiki, Hildegardi ni shahidi, lakini Cuthbert akifika tu, lina vumbi! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Na wakati huohuo alikuwa akiona wengine wanavyopewa. Namna ya marehemu kuchagua ilikuwa hivi. Mgeni akija, hakuulizwa anajua nini, kwa sababu, alisema, hapo kila mtu anasema uongo, anayejua anajishusha na asiyejua anajipandisha. Alipewa konzi ya komwe, zile mbegu ngumu za kuchezea, na kuambiwa, "Zigawe humo." Basi. Aidan aliendelea kupiga randa, jicho moja kwenye mikono ya mtu. Anayezirundika zote shimo moja alipewa drafti ya vizibo vya soda, kwa sababu drafti inakulazimisha kula kila unachoonyeshwa, na mwenye tamaa hujifunza haraka kwamba kuna chakula cha kuitiwa mtegoni. Anayezigawa sawasawa polepole, midomo haichezi, huyo wa bao kubwa. Anayeuliza, "Wenzangu huwa wanafanyaje?" alianza na safu mbili, na mpinzani wake awe anayejua kidogo tu kumzidi. Siyo sana, alisisitiza. Ukimpa anayeanza mpinzani hodari, umemfundisha kuchukia.

Kulikuwa na bwana mmoja wa ofisi, jina halina haja, aliyekuja na viatu vinavyong'aa akataka bao kubwa kuliko yote, "kulingana na nafasi yangu." Aidan alimpa safu mbili na mpinzani akawa Devotha, binti yake wa mwisho, wa darasa la nne. Devotha alimfunga akiwa anakula muwa. Bwana yule alinuna, lakini wiki iliyofuata alirudi, na nyingine, na baada ya mwaka mmoja alikuwa anakaa kwenye bao kubwa na wazee, viatu vina matope, anachekwa na anacheka. Kulikuwa na Placidi na mkewe Vitalia, ambao walifika kwenye foleni ya kahawa wakiwa hawasemezani, gunia limewekwa katikati yao kama ukuta. Aidan akawapa mbuzi wote kumi na wawili, sita kwa sita, yeye akawa chui. "Sogeza yule," Placidi alimwambia mkewe hatimaye, neno la kwanza baada ya siku tatu. "Nisogeze wapi na wewe umeniziba?" Vitalia akajibu. Wakamfunga chui saa kumi jioni wakiwa wanapigiana viganja. Cuthbert alikuwepo na hasadiki mpaka leo. Fundi wa bao wa miaka yote ile azingirwe na mbuzi wanaonuniana? Thubutu. Alijiachia.

Na baada ya kila mgeni kuondoka, marehemu alifungua daftari gumu la kaunta akaandika. Cuthbert akisogea, linafungwa. "Unaandika nini, Kaka?" "Nani kacheza nini." "Na mimi umeniandika?" "Wewe umo." Hilo tu. Mkaguzi wa mizigo anaambiwa "umo" na kufungiwa! Alimshika shemeji yake, Hildegardi, akamwuliza kwa upole. Hildegardi akasema, "Shemeji, mimi nalifungia sandukuni tu. Silisomi. Mambo yenu ya bao yanichoshe ya nini?" Cuthbert akahesabu hilo nalo ni jambo la kushuku.

Siku moja mjukuu mmoja alimwonyesha marehemu bao lililomo kwenye simu, linalochagua lenyewe ugumu wa mchezaji, rahisi, wastani, mgumu. Marehemu aliliangalia kwa heshima, akacheza, akafungwa, akalisifu. Kisha akasema, "Lina akili. Ila halijui kama umekasirika." Na akaongeza maneno ambayo wateja wake wote mnayajua, maana aliyasema kila siku: bao linalomfaa mtu ni lile litakalomrudisha kesho. Cuthbert aliyachukulia hayo kuwa maneno ya kibiashara.

Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, marehemu alianguka karakana akiwa anapima ubao. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa hospitali Mbinga siku kumi na nane, akarudi nyumbani upande wa kulia umekufa na maneno yameondoka. Alielewa kila kitu. Alikuwa akitikisa kichwa, akitumia mkono wa kushoto, akicheka upande mmoja wa uso. Cuthbert alipanda tarehe 1 Machi, Hildegardi akaweka kibao cha safu mbili kitandani, na marehemu akacheza kwa mkono wa kushoto, polepole, na akafunga mawili. Siku hiyo Cuthbert hakusema neno la bao.

Tarehe 5 Aprili alipanda tena, na safari hii alikuwa ameamua. Lazima lisemwe kama lilivyokuwa. Alifika, akasalimia, akaenda moja kwa moja ukutani akashusha bao la mninga, akalifuta kwa shati lake mwenyewe na kuliweka kitandani. "Kaka," alisema, "halina vumbi. Tumebakiza muda gani, mimi na wewe? Leo tucheze la wakubwa. Nifunge tu, sijali, lakini nipe." Marehemu alitikisa kichwa. Cuthbert akaanza kupanga kete. Marehemu akanyoosha mkono wa kushoto, akalisukuma lile bao mpaka kete zikamwagika sakafuni, akavuta kile kibao cha watoto akakigonga kwa kidole, mara mbili.

"Basi, nimekuelewa," Cuthbert akasema. "Miaka yote hii wewe ndugu yako ni mjinga. Asante kwa kunijulisha."

Hildegardi alikuwa anaingia na chai. "Shemeji, kaa basi unywe."

"Wape wenye akili, shemeji."

Akaondoka. Kete ziko sakafuni, mgonjwa anamtazama, na yeye akaondoka. Mei tarehe 3 ikafika, Jumamosi ya kwanza, naye akakaa nyumbani Liuli akitengeneza uzio ambao haukuwa umevunjika. Edina alipiga simu: "Baba mdogo, hujaja, Baba anaangalia mlango." Akamjibu kwamba ana kazi. Mtu mzima wa miaka sitini na mitano, amestaafu, ana kazi ya uzio!

Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 20 Mei 2025, saa moja na robo asubuhi, nyumbani kwake Mapera, baada ya kiharusi cha pili, mke wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa, miezi miwili na siku tisa, au nane kwa hesabu ya Mama Winifrida. Alikuwa ameomba zamani, akiwa mzima, azikwe Liuli karibu na wazazi wake, na ndugu zetu wa Mapera wamemshusha bila kunung'unika. Tunawashukuru.

Cuthbert alifika Mapera siku hiyohiyo mchana. Kesho yake familia ikamtwisha kazi ya kuandika wasifu, kwa kuwa ndiye anayejua tarehe. Akasema hawezi kuandika bila lile daftari. Hakuwa na haja ya tarehe, tuseme ukweli. Alitaka kuona alivyoandikwa. Hildegardi akafungua sanduku, akatoa vitenge viwili, akampa. "Chukua," alisema. "Alisema zamani, kabla ya kuugua, ukiliomba upewe. Hukuwahi kuniomba, ulikuwa unanihoji tu."

Akalifungua. Kumbe halikuwa na mabao ya kushinda wala kushindwa. Lilikuwa na watu. Yule bwana wa ofisi: "Anapenda kuonekana. Acheze na mtoto, watu wakiwa wachache, asiumbuke." Placidi na Vitalia: "Wasikae mkabala. Wakae upande mmoja." Mzee Bernadi ana kurasa mbili nzima. Ukurasa wa Cuthbert ulikuwa wa kwanza kabisa, kabla ya wateja wote, na unasomwa hapa kama ulivyo:

"Julai 1977. Nilimpa mdogo wangu bao kubwa mbele ya watu. Alikuwa anaona mbali kuliko wote waliokuwepo, na mimi nilikuwa naogopa. Bao la tatu nilibaki na kete moja mkononi ambayo sikupaswa kuwa nayo. Nilitaka wanione. Akaenda zake miaka minne, Mama akawa analia kila akipika. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyechagua bao.

"Septemba 1981. Amerudi. Nimempa safu mbili. Linaisha upesi, hatuoni aibu, na kabla hajaanza kushuku tumeshaanza jingine. Bao kubwa tusicheze tena mimi na yeye. Nikimfunga ataondoka. Akinifunga atajua kuhusu ile kete, ataondoka. Atadhani namdharau. Na adhani, mradi aje."

Ile kete, ndugu zangu! Kwa hiyo ilikuwepo. Cuthbert alisoma mstari huo akapiga meza kwa kiganja, akasema kwa sauti, "Nilijua!" Hildegardi akamtazama. Akasoma tena, mpaka "mradi aje," akaketi.

Chini ya hapo hakuna maneno mengine. Ni tarehe tupu, ukurasa baada ya ukurasa, Jumamosi ya kwanza baada ya Jumamosi ya kwanza, na mbele ya kila tarehe neno moja: "Amekuja." Miaka arobaini na mitatu na nusu ya "Amekuja." Mwandiko wa fundi, umenyooka kama umepigwa rula. Mwezi Machi mwaka huu mwandiko unabadilika, unakuwa wa mkono wa kushoto, herufi zinalala: "Amekuja." Aprili, siku ya zile kete: "Amekuja." Halafu: "3 Mei 2025." Mbele yake hakuna kitu.

Sasa, aliyeandika wasifu huu hawezi kubadilika kwa siku mbili. Ameshuku na daftari pia. Mtu aliyemsoma kila mgeni kwa konzi ya komwe, angeshindwaje kujua kwamba ndugu yake ataliomba siku moja? Mbona aliacha maagizo lipewe? Yawezekana kabisa kwamba yale maneno ya 1977 na 1981 aliyaandika akijua nani atayasoma. Cuthbert aligeuza karatasi, akakagua wino, akalinganisha. Wino ni wa zamani. Na hata ungekuwa mpya, ile nafasi iliyo mbele ya tarehe 3 Mei haina hila yoyote. Mtu aliandika tarehe asubuhi kwa mkono wake mbovu, akaangalia mlango, na jioni ikafika hana cha kuandika. Hapo Cuthbert alilia, na hilo nalo liandikwe. Kaka yake hakumwona mjinga. Alikuwa anamwogopea asiondoke, na aliondoka.

Marehemu ameacha mjane, Hildegardi Bernadi Kapinga, watoto watatu, Edina, Tarsisi na Devotha, wajukuu saba, wakwe na marafiki, benchi mbili nje ya karakana, ambazo Tarsisi amesema hazitaondolewa, mabao ambayo wengi wenu mnayo majumbani, na mdogo mmoja, Cuthbert. Bao la mninga amepewa Cuthbert na shemeji yake. Ameliacha ukutani Mapera, likusanye vumbi la kweli. Alichoomba ni kile kibao cha safu mbili, na kiko hapa mkononi, mnakiona.

Ile nafasi ya tarehe 3 Mei hajaijaza. Itabaki wazi, ndiyo haki yake. Lakini leo asubuhi, kabla ya ibada, aliazima kalamu kwa Edina, akaandika chini yake: "23 Mei 2025. Amekuja."

Tulia, kaka. Bwana akupokee, na asiwepo wa kukuharakisha tena. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kaburi lako halitakosa mtu wa kukaa kando yake.